Chumba cha Watu Sita

Daegu, Korea Kusini
18 Februari 2024

Kwa Ami yangu, Mwalimu Abduba,

Assalaam alaykum. Nipokelee salamu wewe na binti yako Kadra, na ukienda Bura umfikishie mama. Huku baridi ingali kali. Leo asubuhi mfereji tunaofanyia vipimo vya maji pale chuoni umeganda juu, nikacheka peke yangu nikiwaza jinsi mama angeshangaa kuambiwa kwamba maji ya kumwagilia shamba yamekuwa mawe. Masomo yanaendelea vizuri. Nimebakiza mwaka mmoja na nusu.

Najua hupendi mambo mazito yasemwe kwa simu. Husema simu ni ya kuulizia nani amefika na nani ameondoka. Kwa hiyo ninaandika.

Mwezi wa Desemba niliona uvimbe mdogo shingoni, upande wa kushoto. Nilidhani ni mtandio unabana. Daktari wa zahanati ya chuo aliushika, akaniandikia barua ya kwenda hospitali. Wamechoma sindano, wametoa majimaji, wamepima. Wanasema utolewe. Hayo ndiyo yote.

Sasa nina mambo mawili ya kuamua, na hapa sina wa kumwuliza. La kwanza ni hospitali. Ipo kubwa ya chuo kikuu, yenye dawati la wageni na mkalimani wa Kiingereza, lakini madaktari vijana wengi wametangaza kuacha kazi kwa mgogoro na serikali na upasuaji umeanza kuahirishwa. Ipo ndogo karibu na bweni langu. Daktari wake wa shingo anasifiwa na tarehe zipo, ila wauguzi wake hawajui lugha nyingine isipokuwa yao, nami Kikorea changu ni cha sokoni.

La pili ni chumba. Kuna chumba cha watu sita, cha wanawake watupu, chenye pazia kati ya kitanda na kitanda. Hicho bima ya wanafunzi inakilipia. Na kuna chumba cha mtu mmoja, ambacho mgonjwa huongeza kwa mfuko wake, na akiba ninayo. Kisha kwenye fomu kuna mstari unaouliza: mtu atakayekaa na mgonjwa ni nani? Hapa kila mgonjwa huja na mtu wake, na kando ya kila kitanda kuna kitanda kifupi cha huyo mtu. Mstari huo nimeuacha wazi.

Wewe ulimwuguza marehemu Mama Kadra. Unazijua hospitali kuliko sisi sote. Niambie nifanyeje. Mama usimwambie kwanza.

Mwanao,
Darmi Said

*

Garsen
11 Machi 2024

Kwa Darmi, binti wa ndugu yangu Said,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeipokea tarehe 8, siku ya Ijumaa, baada ya swala. Kesho, inshallah, tunaanza kufunga. Kadra hajambo. Duka lake la dawa za mifugo limepata rafu mpya na wateja wakaidi wale wale. Kaka yako Suleiman yuko na ng'ombe upande wa Nanighi na ameleta habari kwamba malisho yapo. Jirani yetu Enos amepanda mpunga ukingoni mwa mto. Hupita hapa kila jioni kunitania kwamba Waorma tunakula jasho la Wapokomo kwa kijiko. Nami humjibu kwamba Wapokomo wanakunywa jasho la ng'ombe wetu kwa kikombe. Kwa hiyo tuko sawa.

Utaona mwandiko wangu umelala upande. Nimeandika nikiwa kitandani. Ni tumbo la kizee tu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kurasa nne. Umeeleza mfereji, sindano, dawati la wageni na pazia. Ugonjwa wenyewe hukuutaja jina. Mtu akikaa kurasa nne bila kutaja jina la kitu, si kwamba amelisahau. Sitakulazimisha.

Kuhusu hospitali: chagua ndogo. Mkalimani hashiki kisu. Daktari anayesifiwa na tarehe iliyopo ni bora kuliko jengo. Andika kwenye karatasi nene, kwa herufi kubwa, maneno kumi kwa lugha yao: maumivu, maji, damu, baridi, kichefuchefu, siwezi kupumua, na mengine utakayoyahitaji. Karatasi hiyo ikae mkononi mwako, isikae mkobani.

Kuhusu chumba: chukua cha watu sita. Usiniulize sababu.

Kuhusu mama yako: nitakwenda Bura baada ya Idd nimwambie uso kwa uso. Si haki mama awe wa mwisho kusikia habari ya mwanawe. Ukikasirika, kasirika.

Mstari ulioachwa wazi kwenye fomu umenisumbua kuliko yote. Kwetu hata ndama mgonjwa hawekwi peke yake.

Ami yako,
Abduba Dado

*

Daegu
2 Aprili 2024

Kwa Ami yangu,

Assalaam alaykum, na Mwenyezi Mungu azikubali saumu zenu. Mimi hufuturu na wasichana wawili wa Uzbekistan. Wao huleta mkate, mimi huleta tende na chai ya tangawizi. Wameshajifunza kusema "karibu", na sasa wananikaribisha chumbani mwangu mwenyewe. Nimeota mara mbili niko Garsen, nami ninakula sima na samaki wa mtoni, na Elsie, mke wa Enos, ananigombeza kwa kuacha mikia.

Kuhusu hospitali nimekutii. Nimechukua ndogo. Nitalazwa Jumanne tarehe 21 Mei na kupasuliwa Jumatano tarehe 22. Maneno kumi nimeyaandika. Nilimwonyesha muuguzi anisahihishie, akacheka sana, akaongeza la kumi na moja: choo.

Kuhusu chumba, niwie radhi. Nilikwenda kukiona hicho cha watu sita. Sita ni wagonjwa, lakini ukiwahesabu na watu wao ni kumi na watano. Waume na wana wa hao wanawake wanaingia bila hodi, kwa kuwa pazia halina mlango wa kubisha. Nilipochungulia, wote waliacha kula wakaugeukia mtandio wangu. Ami, siku hiyo nitakuwa nimefunuliwa kichwa na shingo. Nitaswali wapi? Nitamwambia nani ageuke? Tena daktari amesema kamba za sauti ziko karibu sana na uvimbe, na huenda nikakosa sauti kwa siku kadhaa, au zaidi. Hata kusema "funga pazia" sitaweza. Nimetia alama kwenye chumba cha mtu mmoja.

Na nitasema lililo moyoni. Mama Kadra alipolazwa, ulimchukulia chumba chake peke yake. Nilikuwa bado shuleni, lakini nakumbuka wanawake wa Bura kwenye matanga wakisema: "Mwanaarusi amekufa kwa heshima, mkono wake umo mkononi mwa mumewe." Mimi je? Kwa nini unanitupa kwenye makelele? Unasema nisiulize sababu. Basi nami sina sababu ya kubadili.

Na wewe, hilo tumbo ni tumbo gani? Kadra ameniambia kwa simu kwamba unatembea umeshika kinena na kwamba ukiinuka kwenye mkeka unauma meno. Umeona daktari?

Mwanao,
Darmi

*

Garsen
6 Mei 2024

Kwa Darmi,

Assalaam alaykum. Tangu barua yangu ya Machi sijapata barua kutoka kwako, nami nataka ujue kwamba si posta ya huko inayochelewa. Mto umefurika. Barabara ya Malindi imekatika, maji yako shingoni mwa nguzo za simu, na gari la posta halijafika kwa siku kumi na tatu. Mpunga wa Enos umekwenda wote. Yeye, Elsie na wajukuu wao wanne wamehamia uani kwangu na mbuzi wawili. Jana aliniambia, "Mwalimu, safari hii mto umetula sisi sote bila kijiko."

Suleiman amewahamishia ng'ombe mwinuko wa Bura. Wako salama. Mama yako nilimwambia wiki moja baada ya Idd. Hakulia. Aliinuka akaenda kupalilia saa ya jua kali, akapalilia mpaka safu zote zikaisha.

Je, umelazwa? Umekwisha kupasuliwa? Umechukua chumba nilichokuambia? Barua hii anaondoka nayo Bishara, mfanyabiashara wa samaki, kwa mashua mpaka ng'ambo, kisha aitie posta Malindi. Kadra ananicheka. Anasema, "Baba, simu ninayo mkononi, na wewe unampa muuza samaki barua!" Anataka nikupigie simu. Jana nilikupigia, kama unavyojua. Nilitaka kusema jambo, nikakuuliza kama kuna mvua.

Ami yako,
Abduba

*

Garsen
Jumamosi, 18 Mei 2024, saa nne asubuhi

Kwa Darmi, mwanangu,

Assalaam alaykum. Sitataja habari za nyumbani. Barua yako ya tarehe 2 Aprili imefika leo. Enos ameileta kwa mtumbwi kutoka ng'ambo ya barabara iliyokatika, ameitia ndani ya kofia yake isilowe. Nimesoma mahali ulipoandika kwamba umechagua chumba cha mtu mmoja. Nimesoma mahali ulipoandika kwamba huenda sauti ikakupotea. Kisha nimesoma tarehe. Zimebaki siku tatu ulazwe.

Nimekupigia simu. Umepokea, nikasema, "Badili chumba." Ukaniuliza, "Kwa nini, Ami?" Nikakata. Umenipigia mara mbili sikupokea. Kinywa changu hakiwezi. Mkono huenda ukaweza. Barua hii haitapita posta. Kadra atazipiga picha kurasa moja moja kwa simu yake, nawe utazipata leo leo. Simu yangu ni ya vitufe, na hapa hakuna mtu mwingine mwenye simu ya picha ambaye hajahamia kambi ya waliokimbia mafuriko. Maana yake ni kwamba Kadra atasoma kabla yako. Nimekaa hapa tangu saa mbili nikitafuta njia nyingine, nami sikuipata.

Sikiliza.

Miaka sita iliyopita moyo wa Mwanaarusi ulipoanza kuchoka, tulimpeleka hospitali ya mjini pwani ambayo jina lake sitaliandika, kwa kuwa kosa si lake. Walituambia kuna wodi ya wanawake wanane na kuna chumba cha peke yake. Yeye alitaka wodi. Alisema, kwa Kiswahili chake cha Kipini ambacho daima kilinizidi, "Mimi nipelekeni penye watu, nikisikia watu wanazungumza napata nafuu." Mimi nilikataa. Nilikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Nilijua jamaa watakuja kutoka Garsen, Kipini na Bura, nami nikaona haya wamkute mke wangu kitanda cha nne kutoka mlangoni, kati ya wauza mboga. Nikachukua chumba chenye dirisha.

Kadra alikuja na mkeka wake na sufuria, tayari kulala chini kando ya mama yake kama inavyofanywa. Nikamwambia, "Chumba hiki ni cha mtu mmoja, kitajaa. Nenda nyumbani ukaangalie duka. Mimi nipo." Hakutaka. Nikamwambia mara ya pili kwa sauti ya darasani. Akaenda.

Siku ya tatu, Mwanaarusi alikuwa amekula uji vizuri. Joto lilikuwa kali, nikavua koti langu nikalitundika kwenye ndoano iliyokuwa juu ya kichwa cha kitanda. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Nikamwambia, "Naenda kuswali, narudi." Akasema, "Usikawie." Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu.

Nje ya msikiti nilikutana na Mohamed, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni afisa. Akaninunulia chai na mahamri. Akauliza, "Mwalimu, mama amelazwa wapi?" Nikamwambia, "Ghorofa ya pili, chumba chake mwenyewe, kina dirisha la kuelekea bustani." Akasema, "Mwalimu, wewe kweli umejipanga!" Nikapenda kusikia hivyo. Nikamweleza bei. Nikamweleza rangi ya mapazia. Nilikunywa vikombe vitatu. Niliporudi jua lilikuwa limeshuka nusu ya dirisha hilo nililokuwa nikilisifu.

Alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea ukuta, na vidole vyake vya mkono wa kulia vimekunjwa vikigusa ukuta. Kengele ya kumwita muuguzi ilikuwa na kamba iliyoning'inia kwenye ndoano ile ile nilipotundika koti. Koti liliisukuma kamba ikaangukia nyuma ya kitanda. Sikuiona. Ukuta ule ulikuwa wa mbao nyembamba, na ng'ambo yake ndiyo wodi ya wanawake wanane. Waliposikia kilio changu walikuja mlangoni, na mmoja wao, mwenye mtoto mgongoni, akaniambia, "Mzee, tulisikia mtu anagonga. Tulidhani ni fundi."

Wanawake wanane, Darmi, na dada zao, na watoto wao. Angekuwa kati yao, wangeona. Asingehitaji kengele, asingehitaji kugonga. Mmoja angesema, "Jamani, mama huyu ana nini?" Basi.

Mtu wa kwanza kunipigia simu alikuwa Kadra. Akauliza, "Baba, ulikuwepo?" Nikamwambia, "Nilikuwepo. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu." Sentensi hiyo ikaenda Kipini, ikaenda Bura, wanawake wakaisema kwenye matanga, nawe umenirudishia katika barua yako. Nilisahihisha kazi za watoto kwa miaka thelathini na minne. Hiyo sikuisahihisha.

Utakuwa huna sauti. Utakuwa huna mtu wa kukaa nawe. Mapazia yao, wanaume wao, macho yao kwa mtandio wako, yote hayo nimeyafikiri, na hayawi kitu mbele ya ukuta. Swali kwa ishara ukiwa kitandani. Mungu anaijua hali yako. Nenda leo ubadili chumba.

Ukurasa huu wa mwisho ninauandika Kadra akiwa barazani na zile za mwanzo. Ninamwona kwa dirisha. Amesimama. Elsie amempelekea kiti, naye hakukaa.

Amekuja sasa hivi. Amesimama mlangoni na karatasi mkononi, akasema, "Baba, kurasa hazina namba. Ziandike namba zisije zikachanganyika." Nimeziandika.

Ami yako,
Abduba Dado

*

Daegu
3 Juni 2024

Kwa Ami yangu,

Assalaam alaykum. Ulishasikia kwa Kadra kwamba niko hai, lakini hukusikia habari yenyewe, nami nataka uisome kwa mkono wangu. Mvua zimepungua huko? Enos amerudi shambani? Wasichana wa Uzbekistan wanakusalimu. Wanakuita "babu wa barua".

Siku ile picha ziliingia moja moja. Nilizisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za bweni. Sikumaliza mara ya pili. Nilikimbia hospitali na dawati lilikuwa karibu kufungwa. Yule karani alinitazama, akaniuliza kama nina hakika, kwa kuwa watu huomba kutoka cha watu sita kwenda cha mtu mmoja, si kinyume chake. Nilimwambia nina hakika.

Kitanda changu kilikuwa katikati, mkono wa kushoto. Upande wa dirisha alilala bibi mmoja ambaye wote humwita Halmoni, yaani bibi, kama tunavyosema sisi. Amevunjika nyonga, ni mkali, na hasikii vizuri. Jambo la kwanza aliloniuliza, kwa kupiga kelele, ni kama nimekula. La pili ni kwa nini nimefunga kichwa. Mkwewe alimweleza jambo refu ambalo sikulielewa lote. Tangu hapo, kila nilipojaribu kuketi wima kwa ajili ya swala, Halmoni aliwafokea wanaume wote wa chumba kile watoke, hata mwanawe mwenyewe, hata mtu aliyekuja kurekebisha televisheni. Nilikuwa nikiogopa nani ataambiwa ageuke. Wote waligeuzwa.

Kitanda kifupi cha mtu wangu kilikaa tupu siku moja tu. Kisha wakawa wanakikalia wageni wa wengine, wakimenya matikiti na kuniwekea kipande ambacho sikuweza kumeza.

Alhamisi, siku moja baada ya kisu, kabla ya chakula cha mchana, nilihisi shingo inabana. Nilidhani ni bandeji. Kisha pumzi ikawa nyembamba. Kengele ilikuwa mkononi. Nikaibonyeza, taa ikawaka, lakini wauguzi wote walikuwa kwa mgonjwa mwingine aliyeanguka. Sauti sikuwa nayo hata ya mnong'ono. Nilishika kijiko nikagonga chuma cha kitanda, mara tatu, kisha mkono ukalegea.

Ami, Halmoni hakusikia kijiko. Hasikii kabisa upande ule. Alikuwa anamtazama mkwewe akimenya tunda, akageuza macho, akaniona. Alitupa kisahani sakafuni na akapiga ukelele ambao nadhani ulifika Bura. Waliingia watu wanne mbio. Damu ilikuwa imejaa chini ya mshono na inakandamiza koo. Waliufungua pale pale kitandani. Daktari alimwambia mkalimani aliyeletwa baadaye kwamba zilikuwa dakika chache tu.

Lau kungekuwa na ukuta kati yangu na yule bibi, asingeniona.

Neno ambalo sikuliandika Februari ni saratani. Nililijua tangu siku ile ya majibu ya sindano. Uvimbe umetolewa wote, wanasema, na nitakunywa vidonge maisha yangu yote. Sauti inarudi. Ni nzito kama ya Suleiman.

Sasa wewe niambie. Kadra amesemaje? Simuulizi yeye. Kila nikipiga simu ananieleza habari za dawa za kupe.

Mwanao,
Darmi

*

Hola
27 Juni 2024

Kwa mwanangu Darmi,

Wa alaykum salaam, na shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyekurudisha. Barua yako imepita Garsen ikanifuata huku. Mama yako ameisikia yote. Alikuja kunijulia hali, nikamsomea mimi. Alipofika mahali pa kijiko alinishika mkono nisome pole pole. Anauliza jina kamili la huyo bibi, ili amwombee kwa jina. Enos amerudi ukingoni na anapanda upya. Mbuzi wake wamebaki kwangu, na wamekula kamusi yangu kutoka herufi A mpaka M.

Unauliza Kadra alisemaje. Hakusema. Alipokwisha kuzituma zile kurasa alizikunja, akazitia kifuani, akafunga duka, akavuka kwa mashua kwenda Kipini kwenye kaburi la mama yake. Alikaa huko siku sita. Aliporudi alikuwa akipika kwake na kuniletea chakula kwa mkono wa Elsie. Enos aliniuliza, "Mwalimu, mmegombana na binti au mmegawana urithi?" Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza, jambo ambalo si tabia yake.

Nawe uliniuliza habari ya tumbo nami nikakwepa. Ni ngiri. Ninayo kwa miaka minne. Nilikataa kulazwa, na hakuna aliyejua sababu. Tarehe 15 Juni ilikaza. Nilianguka kati ya mlango na birika ya udhu, na Elsie akamwita Kadra. Alikuja na gari la kukodi kabla sijamaliza kumkataza. Njia nzima mpaka Hola kichwa changu kilikuwa mapajani mwake.

Hapa hospitalini karani alisoma kadi yangu ya bima ya walimu wastaafu, akasema kwa heshima kwamba kuna kijichumba cha pembeni, chenye kitanda kimoja, kwa mzee kama mimi. Nilikuwa bado nafungua kinywa. Kadra alimjibu, "Mtie penye watu."

Basi niko wodini. Tuko wanaume tisa. Kitanda cha kulia ni cha Pekeshe, mchungaji wa Nanighi, ambaye huwaita ng'ombe wake kwa majina usingizini na kuwagombeza wasioitika. Wa kushoto ni kijana wa pikipiki aliyevunjika mguu. Amegundua kwamba nilimfundisha baba yake, na sasa ananiuliza kama baba yake alikuwa mjinga. Ninamwambia ukweli. Nilipasuliwa siku ile ile niliyofika, na mshono unapona.

Siku niliyoamka na akili zangu nilimkuta Kadra ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa kando ya kitanda. Kwa mazoea yangu nikamwambia, "Nenda ukafungue duka. Mimi nipo sawa." Alikuwa akikoroga uji. Hakuinua macho. Akasema, "Baba, ulishanituma nyumbani mara moja."

Akanilisha vijiko viwili, kisha akauliza, "Wale wanawake, walisema aligonga sana?" Nikasema, "Walisema aligonga kwa muda." Akaiweka bakuli chini, akajifunika uso kwa leso. Pekeshe akaamka akauliza kuna nini. Kijana wa pikipiki akamwambia, "Lala, mzee, watu wana mambo yao." Hakulala. Alinyoosha mkono akavuta ndoo ya Kadra ikae karibu zaidi na kitanda changu.

Ameendelea kuikalia hiyo ndoo kila siku, asubuhi mpaka wanapowatoa wageni, kisha analala kwa jamaa karibu na lango. Hajasema amenisamehe, nami sikumwuliza. Ninapogeuka, anageuza mto.

Barua hii ina kurasa tatu. Namba amezitia yeye.

Ami yako,
Abduba Dado